Auguste Escoffier, mtoto wa mfua chuma aliyepanga upya jikoni za hoteli kubwa

Hapa kwetu kila mkubwa tunamuita shefu: wa avenue, wa ofisi, hata wa polisi. Lakini mupishi kuitwa shefu kwa heshima, ni mambo yaliyotoka mbali, na Auguste Escoffier alichangia sana.

Alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1846 huko Villeneuve-Loubet, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mfua chuma. Akiwa bado kijana mdogo walimupeleka Nice kujifunza upishi kwa mjomba wake. Alikuwa mufupi, njo maana alivaa viatu vya kisigino kirefu juu moto wa jiko usimuunguze uso. Mu vita ya 1870 alipikia maofisa wa jeshi mu muji wa Metz uliozungukwa na Waprusia, mpaka wakafikia kula farasi.

Mu 1890 aliingia London, Savoy Hotel, pamoja na msimamizi César Ritz. Jikoni za wakati ule zilikuwa fujo: makelele, matusi, wapishi kunywa pombe kutwa juu ya joto. Yeye alikataza pombe, akawawekea kinywaji cha shayiri. Akagawa kazi: huyu mchuzi, yule samaki, mwingine nyama ya kuchoma, mwingine keki. Sahani moja ikapita mu mikono mingi, ikamufikia mgeni ingali moto. Chakula kilichobaki kizima alikipatia masista waliolisha wazee maskini.

Tusifiche upande mwingine. Mwezi wa 3, 1898, Savoy iliwafukuza, yeye na Ritz. Mu 1900 Escoffier alikubali kwa maandishi kwamba alikuwa anapokea pesa kutoka kwa wauza vyakula. Hasara ilizidi pauni 8,000. Yeye alilipa 500 tu. Karatasi ile ilifichwa miaka mingi, na sifa zake zikaendelea kukua.

Juu kazi haikukatika. Mu 1898 ileile Hoteli Ritz ilifunguliwa Paris, jikoni ikiwa chini yake, kisha Carlton ya London. Mu 1903 akatoa kitabu chake, Le Guide culinaire, chenye mapishi maelfu, ambacho wapishi wanakitumia hata leo. Serikali ya Ufaransa ilimupa nishani.

Alikufa Monte Carlo tarehe 12 Februari 1935, akiwa na miaka 88, siku chache tu kisha bibi yake Delphine kufa. Nyumba alimozaliwa imekuwa makumbusho ya upishi.