MAISHA YA FRIEDRICH WILHELM RAIFFEISEN, RAFIKI WA WAKULIMA

Tunaposherehekea miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, yafaa tumkumbuke mtu mmoja wa zamani ambaye aghalabu jina lake halitajwi katika mikutano yetu, ingawa kazi yake imo katika kanuni tunazozifuata. Mtu huyo ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa Ujerumani. Hakuwa tajiri, wala hakuwa na afya njema, na mipango yake ya kwanza haikudumu. Hata hivyo hakuliacha kusudi lake mpaka alipokufa.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika mji mdogo wa Hamm, karibu na mto Sieg, akiwa mmoja wa watoto tisa. Baba yake alipata kuwa meya, lakini aliacha kazi mapema, na mzigo wa kuwalea watoto ukamwangukia mama. Fedha za kumpeleka kijana katika shule za juu hazikuwapo. Alifundishwa na mchungaji wa kwao. Alipopata umri wa miaka 17 aliingia jeshini, akawa askari wa mizinga, akitumaini kupanda cheo. Lakini macho yake yalishikwa na ugonjwa, na katika mwaka wa 1843 alilazimika kuliacha jeshi. Matumaini yake ya ujana yakaishia hapo.

Aliingia katika kazi ya serikali, na mwaka 1845 akawekwa kuwa meya wa Weyerbusch, nchi ya vilima na udongo hafifu. Mara mavuno yalikosa, na katika majira ya baridi ya 1846 na 1847 njaa ikaingia vijijini. Serikali ilipeleka nafaka, lakini kwa amri kwamba isitolewe ila kwa fedha taslimu, na wenye njaa hawakuwa na fedha. Raiffeisen aliamua kuigawa kwa mkopo. Kisha akawaita wenye mali, wakachanga fedha, wakanunua nafaka nyingine na kujenga tanuri la mikate. Maskini waliuziwa mkate kwa bei ipatayo nusu ya ile ya sokoni, nao wakaahidi kulipa baadaye.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld, akaona taabu ya namna nyingine. Mkulima asiye na ng'ombe alimchukua kwa mkopo kutoka kwa mchuuzi, kwa riba kubwa. Akishindwa kulipa, alinyang'anywa ng'ombe pamoja na yote aliyokwisha kulipa, na pengine shamba pia. Basi mwaka 1849 Raiffeisen aliwakusanya watu wapatao 60 wenye mali, wakakopa fedha kwa dhamana ya mali zao zote, wakanunua ng'ombe, na wakulima wakapewa nafasi ya kulipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitano. Alipohamishiwa Heddesdorf mwaka 1852, alianzisha chama cha tatu mwaka 1854, ambacho licha ya kukopesha kilitunza watoto walioachwa na kuwatafutia kazi watu waliotoka gerezani.

Hapa ndipo moyo wake ulipojaribiwa hasa. Vyama vyote hivi vilisimama juu ya ukarimu wa wenye mali, na ukarimu huo ulipungua kadiri miaka ilivyopita. Watu waliochukua dhamana kwa ajili ya wengine, bila wao wenyewe kupata faida yoyote, walichoka na kujitoa mmoja mmoja. Raiffeisen alikuwa mtu wa dini, na kwa muda mrefu aliamini kwamba upendo wa walio nacho ungetosha kuwainua wasio nacho. Haikuwa rahisi kwake kukiri kwamba baada ya kazi ya miaka kumi na mitano njia yake haikufaa. Alikiri, akaishika nia yake ile ile, akaibadili njia.

Katika vyama vipya, cha Anhausen mwaka 1862 na cha Heddesdorf mwaka 1864, mwenye kutaka mkopo alipaswa kwanza kuwa mwanachama na kuchukua dhamana pamoja na wenzake. Eneo la chama lilikuwa dogo, ili kila mtu ajulikane na jirani zake. Jirani hujua ng'ombe wa nani analishwa vizuri, na fedha ya nani inaishia kilabuni, kuliko karani wa benki aliye mjini. Viongozi walifanya kazi bila mshahara, isipokuwa mtunza hesabu. Faida haikugawanywa, bali iliwekwa akiba isiyogawanyika, ili chama kiwe na nguvu yake chenyewe. Hivyo aliyekuwa akipokea sadaka akawa mwenye chama.

Mambo yalipoanza kunyooka, misiba ilimwandama. Mwaka 1863 mkewe, Emilie, alifariki, na katika mwaka huo huo yeye mwenyewe aliugua homa kali ya matumbo. Macho yake yalizidi kufifia, na mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 47 tu, alistaafishwa kwa pensheni ndogo isiyowatosha watoto wake. Alijaribu kutengeneza sigara, kisha akafanya biashara ya mvinyo apate riziki. Na katika hali hiyo aliandika kitabu kuhusu vyama vya mikopo, kikatoka mwaka 1866. Binti yake Amalie alikuwa macho yake: alimsomea barua na kuyaandika aliyotamka baba yake. Kitabu hicho kilichapishwa mara tano katika maisha yake, na vijiji vingi viliweza kuanzisha chama kwa kukifuata.

Mwaka 1872 alianzisha benki ya kuviunganisha vyama, ili chenye akiba nyingi kikisaidie chenye upungufu. Wapinzani walisema kwamba muundo wake haukubaliwi na sheria, na benki ikalazimika kuvunjwa. Raiffeisen hakukata tamaa. Mwaka 1876 aliiunda upya kama kampuni ya hisa. Alipofariki tarehe 11 Machi 1888, karibu haoni, vyama zaidi ya 400 vilikuwa vikiufuata utaratibu wake.

Mbegu aliyoipanda ilivuka bahari. Sheria ya vyama vya mikopo ya Uhindi ya mwaka 1904 iliufuata mfano wake, na mawazo ya sheria hiyo yaliingia katika sheria ya ushirika iliyotolewa Tanganyika mwaka 1932. Kwa hiyo, mwanachama anaposikia mkutanoni kwamba sehemu ya faida imewekwa akiba badala ya kugawanywa, asidhani amedhulumiwa. Na kiongozi anapoona mpango wake haufanikiwi, asione aibu kuurekebisha mbele ya wenzake. Ustahimilivu si kuirudia njia iliyoshindwa. Ni kulishika kusudi na kuitafuta njia nyingine mpaka ipatikane. Miaka kumi tumekwisha kuivuka. Inayokuja itatutaka moyo kama huo.