Kivoi: Jina la shujaa wa Kitui laandikika kwa alama za kemia

MIONGONI mwa majina makuu ya historia ya Ukambani, jina la Kivoi Mwendwa lina sifa ya pekee: laweza kuandikwa lote kwa alama za elementi za kemia. K ni potasiamu, I ni ayodini, V ni vanadi, O ni oksijeni, kisha I tena.

Kivoi aliishi Kitui katika karne ya 19, akawa kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Misafara yake ilishuka kwa miguu hadi pwani ya Mombasa. Mwaka wa 1849 alifahamiana na Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekaa Rabai. Mwishoni mwa mwaka huo Krapf alimfuata Kitui, akipitia Kikumbulyu, ambayo sasa imo katika Kaunti ya Makueni. Kivoi alimweleza habari za mlima wenye theluji, na Desemba 3 mgeni huyo akauona kwa macho yake. Jina alilolisikia kwa Wakamba akaliandika Kenia. Baadaye likawa jina la nchi nzima.

Mnamo 1851 wawili hao walisafiri kuelekea Mto Tana. Wanyang'anyi waliwavamia, Kivoi akauawa. Krapf aliponea chupuchupu, akatangatanga kwa njaa na kiu, na jamaa za marehemu wakamlaumu kwa kifo hicho.

Alama hizo za kemia zilibuniwa Kivoi akiwa hai. Mwanakemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, aliyefariki 1848, ndiye aliyependekeza kuanzia 1813 kwamba kila elementi iandikwe kwa herufi moja au mbili za jina lake la Kilatini. Ndiyo maana potasiamu ni K, kutokana na kalium. Vanadi nayo ilipewa jina Uswidi mwaka wa 1830.

Si kila jina hukubali mtindo huo. Kitui hukwama kwenye T, kwa kuwa hakuna elementi yenye alama ya T, It wala Tu. Makueni hushindwa tangu herufi ya kwanza, lakini Wote, makao makuu ya kaunti hiyo, hufaulu: W ni tangsteni, O ni oksijeni, Te ni teluri.

Vitabu vingi humtaja Krapf kwanza, na Kivoi kama mwenyeji tu. Jina la Krapf nalo hufaulu kwa alama za K, Ra, P na F, lakini Kenya hushindwa kwenye E. Jina la Kivoi, aliyelipia safari ile kwa uhai wake, halikosi hata herufi moja.