Sojourner Truth: Aliuzwa na kondoo, akaja kuuza picha yake

SOJOURNER Truth, mwanamke Mweusi wa Marekani aliyepigania haki za watumwa na wanawake, alizaliwa mtumwa katika jimbo la New York mnamo mwaka 1797 hivi, akiitwa Isabella. Akiwa na umri wa miaka tisa hivi, aliuzwa pamoja na kundi la kondoo kwa dola 100.

Mwaka 1826 alitoroka akiwa amembeba binti yake mchanga. Miaka miwili baadaye alishinda kesi na kurejeshewa mwanawe Peter, aliyekuwa ameuzwa Alabama kinyume cha sheria. Mwaka 1843 alijipa jina jipya, akaanza kuhubiri.

Katika miaka ya 1860, uzee ukiwa umemwingia, alikwenda studio kupigwa picha. Enzi hizo picha ilinaswa kwenye kioo kilichopakwa dawa, naye mpigwaji alitakiwa kutulia tuli kwa sekunde kadhaa. Kisha ilisafishwa kwenye karatasi yenye ute wa yai na kubandikwa kwenye kadi ndogo. Truth alivalia shali na kofia nyeupe, mkononi ana uzi wa sufu wa kufumia, kama mama mwenye heshima zake.

Ingawa hakujua kusoma wala kuandika, mwaka 1864 hakimiliki ya picha hizo ilisajiliwa kwa jina lake, si la mpiga picha. Aliziuza mikutanoni, na mapato yakamwezesha kuishi na kuendeleza harakati.

Alifariki dunia Novemba 26, 1883 mjini Battle Creek, Michigan. Aliyewahi kupangiwa bei na wengine, alikufa akiwa mmiliki wa sura yake mwenyewe.