Edith Nesbit: Mama aliyewapeleka watoto Babeli kwa hirizi

Wiki hii nimekirudia kitabu nilichokisoma mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili. Kinaitwa The Story of the Amulet, yaani Hadithi ya Hirizi, na kilitoka mwaka 1906. Wakati ule nilikipendea safari zake tu. Watoto wanne wana hirizi kuukuu, wanatamka neno lake la siri, inakua mpaka inakuwa kubwa kama mlango, wanapita na kujikuta Misri ya kale, Babeli, hata mbele ya Julius Caesar.

Safari hii kilichonishika ni kingine kabisa. Watoto wale wanamtaka baba yao.

Jina lililo kwenye jalada ni E. Nesbit, na wasomaji wengi wa zamani walidhani ni mwanamume. Kumbe ni Edith, aliyezaliwa London Agosti 15, 1858. Baba yake alikuwa mwanakemia wa kilimo. Alifariki mwaka 1862, Edith akiwa hajafikisha hata miaka minne.

Baada ya hapo maisha yakawa ya kuhamahama. Dada yake, Mary, alikuwa na kifua kikuu, hivyo mama akawa anawazungusha watoto Uingereza na Ufaransa kutafuta hewa nzuri. Haikusaidia. Mary alifariki mwaka 1871.

Mwaka 1880 Edith aliolewa na Hubert Bland akiwa na mimba ya miezi saba, jambo la aibu kubwa kwa Uingereza ya wakati ule. Bwana akaugua ndui, na mshirika wake wa biashara akatoroka na pesa. Basi ikabidi Edith ailishe familia. Alichora kadi, akaandika mashairi ya kadi, akauza hadithi kwa yeyote aliyenunua.

Mwaka 1884 yeye na mumewe walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Fabian Society, chama cha wasoshalisti ambacho baadaye kilichangia kuzaliwa kwa Chama cha Labour. Mtoto wao wa kiume aliyezaliwa mwaka uliofuata wakamwita Fabian.

Ndani ya nyumba kulikuwa na mengine. Rafiki yake, Alice Hoatson, aliyekuja kuishi nao, alizaa na Hubert watoto wawili, Rosamund na John. Edith aliwalea wote kama wake, na Alice akaendelea kuishi humo humo. Tusimhukumu mtu haraka, lakini nyumba hiyo haikuwa rahisi.

Umaarufu ulikuja mwaka 1899, akiwa na miaka 40 hivi, kwa kitabu The Story of the Treasure Seekers. Familia ikahamia Well Hall, jumba kubwa lenye handaki la maji huko Eltham. Mwaka uliofuata Fabian alifanyiwa upasuaji mdogo wa koo, nyumbani. Hakuamka tena. Alikuwa na miaka 15.

Miaka sita baadaye ndipo ikaja Hadithi ya Hirizi. Ilitoka kwanza kwa vipande katika The Strand, jarida lile lile la visa vya Sherlock Holmes. Mambo ya Misri na Babeli alisaidiwa na Wallis Budge, mtaalamu wa British Museum, na ndiye aliyemtunukia kitabu.

H.G. Wells, rafiki wa familia, tayari alikuwa ametoa kitabu chake cha mashine ya kusafiri katika wakati mwaka 1895. Edith ni mmoja wa wa kwanza kuwapa watoto safari hiyo.

Sasa soma ukurasa wa mwanzo ukiwa mtu mzima. Baba ameenda kuripoti vita Manchuria. Mama ni mgonjwa, amepelekwa Madeira pamoja na mtoto mchanga. Hirizi waliyoinunua ni nusu tu. Wakiipata nusu ya pili, watatimiziwa haja ya moyo wao. Nikiwa kidato cha pili niliziruka kurasa hizo ili niwahi Babeli. Leo nimezisoma mara mbili, nikimfikiria binti wa 1862 na mama wa 1900.

Usidhani ni kitabu cha huzuni, kinachekesha sana. Malkia wa Babeli anafika London, anawaona wafanyakazi wa mjini na kushangaa kwa nini watumwa wanatunzwa vibaya hivyo. Watoto wanakazana kumweleza kuwa wale si watumwa. Haelewi. Hapo msoshalisti Edith anachungulia.

C.S. Lewis, mwandishi wa Narnia, alikisoma utotoni, na alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba bado anakirudia kwa furaha. Malkia wake Jadis, anayevuruga mitaa ya London, ana undugu wa wazi na yule wa Babeli.

Hubert alifariki mwaka 1914 na pesa zikapungua. Edith akapangisha vyumba Well Hall na kuuza maua na mboga za bustani. Mwaka 1917 aliolewa tena, na Thomas Tucker, fundi wa injini za kivuko cha Woolwich, mtu mcheshi. Watoto wa Edith hawakupenda, yeye alifurahi.

Alifariki Mei 4, 1924, akazikwa St Mary in the Marsh, Kent. Kaburini hakuwekewa jiwe. Tucker alimtengenezea alama ya mbao kwa mikono yake.