Humphry Davy na Asili ya Asidi

Humphry Davy alizaliwa mwaka 1778 mjini Penzance, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, mtoto wa mchonga mbao. Babaye alipofariki mwaka 1794, kijana huyo aliwekwa kwa daktari mmoja ajifunze kutengeneza dawa, na huko ndiko alikoanza kujisomea kemia. Chuo kikuu hakusoma. Hata hivyo mwaka 1801 aliitwa London kufundisha katika Royal Institution, na watu walifurika kumsikiliza.

Siku hizo elimu ya asidi ilitawaliwa na jina la Lavoisier wa Ufaransa. Yeye alishikilia kwamba kila asidi ina oksijeni ndani yake. Neno oksijeni lenyewe, kwa asili yake ya Kigiriki, maana yake ni kizaa-asidi. Lakini asidi itokanayo na chumvi ya mezani, tuiitayo leo haidrokloriki, ilikuwa na shida: oksijeni yake haikupata kuonekana. Wataalamu walisema tu kwamba imo. Basi Davy alichukua gesi ya kijani ipatikanayo kutokana na asidi hiyo, gesi iliyodhaniwa kuwa na oksijeni tele, akatia mkaa ndani yake na kuupasha kwa betri kubwa hata ukawa mweupe kwa moto. Mkaa wa namna hiyo ukikuta oksijeni haukosi kuungana nayo. Huu haukuungana na kitu. Mwaka 1810 alitangaza kwamba gesi ile ni elementi, akaiita klorini; na asidi yenyewe ni klorini na haidrojeni, basi.

Twamwomba mwanachuo atue hapa. Tumeona maandalio mengi ya somo ambamo kanuni huandikwa ubaoni kwanza, kisha jaribio hufuata kuithibitisha. Likienda kinyume, mtoto huambiwa amekosea. Davy aliliamini jaribio.

Sasa chumvi yaeleweka. Zinki ikitiwa katika asidi haidrokloriki, mapovu yapandayo ni haidrojeni. Zinki imeshika nafasi yake kando ya klorini, na maji yakikaushwa hubaki chumvi ya zinki. Tukitumia magadi, mapovu ni ya kabonidayoksaidi, na chumvi ipatikanayo ni ya aina ileile tutiayo katika mboga, ingawa mtoto asiruhusiwe kuionja. Aliyeeleza wazi kwamba asidi ina haidrojeni ambayo metali yaweza kushika mahali pake ni Justus von Liebig, mwaka 1838. Davy alikuwa amekwisha kufariki, mjini Geneva, mwaka 1829.