Kardinali Lavigerie, askofu aliyewainua raia wa Ulaya kudai sheria dhidi ya wezi wa watoto

Wazazi wa Kalunguta, kati ya Butembo na Beni, wanaogopea watoto wao watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaotoka porini na bunduki, wanachoma nyumba na kuondoka na watoto. Wa pili hawatoki mbali: ni mtu mwenye kazi, mwenye pesa au mwenye cheo, anayemharibu mtoto wa jirani kisha anatuma wazee wakazungumze na familia. Juu ya wote wawili nchi yetu ina sheria. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuhakikisha kwamba sheria hiyo inafuatwa.

Jambo hili si geni katika eneo letu. Zaidi ya miaka 130 iliyopita, askofu mmoja alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akiwaomba raia wazibane serikali zao zitunge sheria kali dhidi ya watu walioteka watoto wa Maziwa Makubwa. Ni Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, ambaye jina lake linajulikana sana kwa wakristo wa mashariki ya Kongo. Sheria aliyoiomba ilipatikana. Lakini ilikabidhiwa mlinzi ambaye naye hakuwa na wa kumchunga, na watoto wa Kongo ndio waliolipa.

Kutoka Bayonne hadi Damasko

Charles Martial Allemand-Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825 karibu na Bayonne, kusini-magharibi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mtumishi wa forodha. Alipewa upadri mwaka wa 1849, na miaka michache baadaye alikuwa akifundisha historia ya Kanisa katika chuo kikuu cha Sorbonne, Paris. Angeweza kubaki na vitabu vyake mpaka uzeeni.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1860. Wakristo wengi waliuawa Lebanon na Damasko, na Lavigerie, aliyekuwa akiongoza shirika la kusaidia shule za Mashariki, alipeleka misaada yeye mwenyewe. Aliona wajane na yatima kwa maelfu. Alikutana pia na Abd el-Kader, mkubwa wa Waislamu wa Aljeria aliyekuwa uhamishoni huko, ambaye aliwaficha na kuwalinda wakristo wasiuawe. Safari hiyo ilimpa Lavigerie kazi ambayo hakuiacha tena: kutafuta pesa kwa ajili ya watoto wasio na mtu.

Mwaka wa 1863 alifanywa askofu wa Nancy, na mwaka wa 1867 alikubali kwenda Algiers kuwa askofu mkuu.

Yatima wa Aljeria

Alifika wakati mbaya. Ukame, nzige, kipindupindu na njaa viliua watu wengi sana Aljeria katika miaka ya 1867 na 1868. Watoto waliachwa barabarani. Lavigerie aliwakusanya, zaidi ya elfu moja, akafungua vituo vya kuwalea, na akaandika barua Ulaya yote kuomba msaada.

Hapo ndipo alipogongana na serikali. Gavana MacMahon, mwanajeshi aliyetawala Aljeria kwa jina la Ufaransa, alimshitaki kwamba anawatumia yatima ili kuwageuza wakristo, jambo ambalo lingeweza kuleta fujo kati ya Waislamu. Lavigerie alijibu hadharani na kupeleka neno hilo mpaka kwa Mfalme Napoleon wa Tatu, akashinda: aliruhusiwa kubaki na watoto. Lakini swali la MacMahon halikuwa la bure. Mtu anayempokea mtoto wa wengine ana haki gani juu ya dini yake, lugha yake na maisha yake ya kesho? Swali hilo lilimfuata Lavigerie mpaka kaburini.

Kwa kazi hiyo alianzisha mwaka wa 1868 shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Mwaka uliofuata alianzisha shirika la masista.

Karavani ya Tanganyika

Mwaka wa 1878 alituma karavani ya kwanza kuelekea maziwa. Wamisionari kumi walipitia Bagamoyo, wakatembea kwa miguu, na mmoja wa wakubwa wao alifia njiani. Mwanzo wa 1879 sehemu yao ilifika Ujiji, na wengine walifika Uganda.

Barua walizomwandikia zilisema jambo moja kwa namna nyingi. Njia za meno ya tembo zilikuwa pia njia za watumwa. Watu wenye bunduki, waliotumwa na wafanyabiashara wakubwa wa pwani na wa Maniema, walivamia vijiji alfajiri. Wanaume waliopigana waliuawa, wanawake na watoto wakafungwa kamba. Machefu wengine wa huku waliuza watu wa jirani zao ili wapate bunduki. Mtoto alipendwa na wafanyabiashara kwa sababu hakimbii mbali na anasahau haraka njia ya kwao. Hata misitu ya Ituri, kaskazini ya Kalunguta, haikusalimika: Stanley alipopita huko kati ya 1887 na 1889, alikuta kambi za Wamaniema na vijiji vilivyobaki majivu.

Wamisionari walianza kuwakomboa watoto kwa kutoa vitambaa na shanga. Huko Rumonge, katika Burundi ya leo, watatu kati yao waliuawa tarehe 4 Mei 1881, kufuatia ugomvi juu ya mtoto aliyepokelewa na misioni. Upande wa Kongo walifungua Kibanga mwaka wa 1883, kisha wakapokea Mpala mwaka wa 1885. Kepteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, alikuja kuwalinda wakaaji wa Mpala kwa bunduki.

Mmoja wa watoto waliokombolewa ni Adrien Atiman. Alitekwa akiwa mdogo karibu na mto Niger, akauzwa katika jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe. Lavigerie alimpeleka na vijana wengine Malta kusomea udaktari. Mwaka wa 1889 Atiman alifika Karema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akatibu wagonjwa huko mpaka alipokufa mwaka wa 1956.

Lakini Lavigerie alijua hesabu. Kila mtoto aliyekombolewa alilipiwa, na malipo hayo yalimpa mtekaji sababu ya kurudi kijijini. Kununua mmoja mmoja kusingemaliza biashara hiyo. Ilihitajika sheria, na serikali za kuitekeleza.

Mwaka wa 1888

Tarehe 24 Mei 1888, Lavigerie, aliyekuwa kardinali tangu 1882, alipokelewa Roma na Papa Leo wa Kumi na Tatu pamoja na Waafrika waliofuatana naye. Brazili ilikuwa imetoka kufuta utumwa siku chache tu kabla. Papa alimpa kazi ya kuiamsha Ulaya.

Alikuwa na umri wa miaka 62 na afya yake ilikuwa mbaya. Hata hivyo, tarehe 1 Julai alizungumza katika kanisa la Saint-Sulpice huko Paris, tarehe 31 Julai alikuwa London mbele ya Waprotestanti waliopigana na utumwa miaka mingi kabla yake, na tarehe 15 Agosti alikuwa Brussels. Hakuzungumza na mawaziri peke yao. Aliwaelekea akina mama na vijana, wafanyakazi na matajiri, akawaambia kwamba serikali hazitafanya kitu kama raia wananyamaza. Vyama vya kupinga utumwa vilizaliwa katika nchi nyingi, vikachanga pesa, vikaandika magazeti, vikapeleka maombi kwa wabunge.

Kulikuwa na kasoro katika sauti hiyo. Aliongea mara nyingi kana kwamba Uislamu ndio uliozaa utumwa, ilhali meli za wakristo zilibeba watumwa kwa karne nyingi kupitia bahari ya Atlantiki. Tena, watu wa Tanganyika na Maniema wenyewe hawakupewa nafasi ya kusema. Walisimuliwa.

Mkataba wa Brussels

Kelele za raia zilizaa matunda. Mwezi wa Novemba 1889 serikali 17 zilikutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 zikatia saini mkataba. Uliamuru kila dola iweke adhabu kwa wanaoteka watu, ijenge vituo kwenye njia za karavani, iwaachilie watu waliofungwa na kuwalinda. Ulizuia pia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Sultani wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa waliotia saini. Kutoka bara, hakuna hata chefu mmoja aliyeitwa.

Mwenyeji wa mkutano alikuwa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji na mmiliki wa Dola Huru ya Kongo. Alitoka humo na faida mbili: jina la mkombozi wa watumwa, na ruhusa ya kutoza ushuru kwenye bidhaa zinazoingia Kongo. Siku kumi baada ya saini, tarehe 12 Julai 1890, alitoa amri iliyosema kwamba dola yake itakuwa mlezi wa watoto waliotupwa na wale waliookolewa mikononi mwa wateka watumwa. Kwa maandishi, ilikuwa sheria ya kulinda mtoto. Kwa vitendo, watoto walipelekwa katika makambi yenye nidhamu ya kijeshi, kama vile Boma, ili wawe askari wa Leopold. Wengi walikufa safarini au makambini.

Lavigerie alikufa Algiers tarehe 26 Novemba 1892. Vita vya Dola ya Kongo na wafanyabiashara wa watumwa ndiyo kwanza vilikuwa vimeanza, na vilimalizika mwaka wa 1894. Biashara ile ilivunjika kweli, na hiyo ni sehemu ya urithi wake. Lakini katika miaka hiyo hiyo mawakala wa Leopold walikuwa wakikamata wanawake na watoto ili waume na baba zao walete mpira kutoka porini. Ilibidi raia wengine wainuke. Alice Seeley Harris, misionari Mwingereza, alionyesha Ulaya na Marekani picha za Wakongo waliokatwa mikono, wakiwemo watoto, mpaka Leopold akanyang'anywa Kongo mwaka wa 1908.

Sheria tunazo

Leo hatukosi sheria. Ile ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji ilipatikana baada ya mashirika ya akina mama wa Kongo kupiga kelele miaka ya vita. Kabla yake, sheria ya adhabu ilimlinda zaidi mtoto aliye chini ya miaka 14. Sasa ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Inadai uchunguzi na hukumu viende haraka, na inasema malipo ya faini hayafuti kesi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza pia kuoza watoto na kuwaingiza katika makundi ya silaha.

Hata hivyo, walinzi nao wanahitaji kuchungwa. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, wageni wengi walikuja Beni, Butembo na Kalunguta wakiwa na magari na kazi za kugawa. Mwezi wa Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilisema kwamba watu 83 walishukiwa kuwatumia vibaya wanawake na wasichana, na 21 kati yao waliajiriwa na shirika hilo. Waathirika waliosikilizwa walikuwa na umri tangu miaka 13. Jambo hilo lilijulikana kwanza kwa sababu akina mama wa Beni walikubali kusema na waandishi wa habari walisikiliza.

Huko Kavumu, Kivu Kusini, wasichana wadogo karibu 40 walichukuliwa usiku na kubakwa kwa miaka kadhaa. Wazazi, madaktari na watetezi wa haki waligonga milango ya wakubwa mpaka Desemba 2017, wakati tribinali ya kijeshi ilipowahukumu kifungo cha maisha mbunge mmoja wa jimbo na wenzake kumi. Cheo cha mbunge huyo kiliwatisha wengi kwa muda mrefu, lakini hakikumwokoa.

Kwa wakaaji wa Kalunguta, kazi iliyobaki ni ndogo kuliko ile ya Brussels, lakini hakuna kardinali atakayeifanya kwa niaba yao. Mtoto akidhuriwa, apelekwe hospitali mapema, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia ukimwi zina muda wake na karatasi ya daktari inasaidia kesi. Mashitaka yafike polisi na tribinali hata kama wazee wameletewa mbuzi. Na kesi ikilala, shirika la raia liulize imelala kwa nani.