Habari za Laurent Clerc, Mwalimu wa Viziwi

Katika sharika nyingi wamo watu wajao kanisani kila Jumapili, wakaketi pamoja nasi, wakasimama tusimamapo, wala hawapati hata neno moja la mahubiri, kwa kuwa ni viziwi. Zamani hata watu wenye elimu walidhani ya kuwa mtu wa namna hii hafundishiki, kana kwamba Neno la Mungu halina mlango mwingine ila sikio. Kwa hiyo imefaa tuwape habari za kiziwi mmoja aliyekuwa mwalimu, naye akawafungulia wenzake mlango mwingine.

Laurent Clerc alizaliwa tarehe 26 Desemba 1785 katika kijiji cha La Balme, nchi ya Ufaransa, si mbali na mji wa Lyon. Alipokuwa mtoto wa mwaka mmoja alianguka kutoka kitini, akaingia motoni. Shavu lake la kuume likaungua, na kovu likabaki mpaka kufa kwake. Baadaye wazazi wakatambua ya kuwa hasikii sauti wala harufu. Walidhani ni kwa ajili ya moto ule, walakini hawakuwa na hakika, huenda alizaliwa hivyo. Mama yake akampeleka kwa mganga huko Lyon, akatiwa dawa masikioni siku nyingi, isifae kitu. Basi akakaa nyumbani bila kusoma, akichunga ng'ombe na kumpeleka farasi majini, hata akatimiza miaka kumi na miwili.

Mwaka wa 1797 mjomba wake alimpeleka Paris, katika shule ya viziwi. Shule hiyo ilianzishwa na Padre de l'Épée, aliyewakusanya watoto viziwi wa maskini na kuwafundisha kwa ishara za mikono. Naye alipokufa mwaka wa 1789, Padre Sicard akashika mahali pake. Mwalimu wa kwanza wa Clerc alikuwa Jean Massieu, naye mwenyewe kiziwi. Hapo ndipo kijana alipoona jambo asilolijua kwao: watu wengi wamekaa pamoja wakizungumza, wakicheka, wakibishana, wala hakuna sauti. Walikuwa na ishara za kutaja vitu na mawazo, na herufi za vidole za kuandika majina hewani, tena ubao na chaki. Mwalimu mwingine alijaribu kumfundisha kutamka kwa kinywa. Siku moja, kwa kukosa subira, akampiga chini ya kidevu, kijana akajiuma ulimi vibaya. Tangu siku hiyo Clerc alikataa kabisa kujifunza kutamka, wala sisi hatuwezi kumlaumu.

Akaendelea sana, hata akafanywa mwalimu. Mwaka wa 1815 alikwenda London pamoja na Sicard na Massieu. Watu wakubwa wakaja kuwatazama na kuwauliza maswali magumu, nao viziwi wakaandika majibu ubaoni. Katika watazamaji alikuwako Mmarekani mmoja, Mchungaji Thomas Hopkins Gallaudet wa mji wa Hartford. Jirani yake, daktari Cogswell, alikuwa na binti kiziwi, jina lake Alice, na Gallaudet alitumwa Ulaya ili ajifunze kazi ya kufundisha watoto kama huyo. Huko Uingereza jamaa moja walioshika kazi hiyo hawakutaka kumfundisha ila kwa masharti ya kuificha, kwa maana ilikuwa biashara yao. Lakini Sicard alimkaribisha Paris, akafundishwa bure. Hata alipoona fedha na wakati vinapunguka, akamwomba Clerc waende pamoja.

Neno hili halikuwa jepesi. Sicard aliogopa kumtuma mtoto wa kanisa lake katika nchi ya Waprotestanti. Clerc akarudi La Balme kumwaga mama yake, naye mama akamsihi asiende, mwisho akakubali kwa uchungu. Patano lilikuwa la miaka mitatu tu. Wakapanda merikebu tarehe 18 Juni 1816, wakawa baharini siku 52. Siku hizo hawakukaa bure: Clerc alimfundisha mchungaji ishara, na mchungaji akamfundisha Clerc Kiingereza, naye kila siku aliandika habari zake kwa lugha hiyo mpya.

Walipofika Marekani walizunguka miji wakiomba msaada, na Clerc akawajibu watu kwa maandiko mbele ya makutano. Tarehe 15 Aprili 1817 shule ikafunguliwa Hartford na wanafunzi saba. Alice alikuwamo, na pia mchora picha mmoja mwenye miaka hamsini na mmoja! Wengine waliokuja baadaye walileta ishara za kwao, zikachanganyika na zile za Paris, na hivyo ikapatikana lugha ya ishara ya Marekani. Miaka mitatu ilipokwisha Clerc hakurudi. Mwaka wa 1819 alimwoa Eliza Boardman, aliyekuwa mwanafunzi wake. Wengine walichukizwa kuona viziwi wawili wakioana, wakihofu watazaa viziwi. Watoto wao wote walisikia, na mmoja akawa mchungaji.

Kabla ya shule hiyo, kiziwi wa shambani aliweza kuishi miaka yake yote asikutane na mwenziwe hata mmoja. Lakini tarehe 26 Septemba 1850 wanafunzi wa zamani, zaidi ya 200, walikusanyika Hartford kutoka majimbo mengi. Wakulima, waashi, washonaji, wote wakazungumza kwa mikono tangu asubuhi. Wakawapa Gallaudet na Clerc mabirika ya fedha, na hotuba zikatolewa kwa ishara. Mkutano huo ukazaa wengine, na mwaka wa 1854 wakaunda chama chao wenyewe.

Clerc aliacha kazi mwaka wa 1858. Mwaka wa 1864, akiwa mzee wa miaka 78, alisafiri mpaka Washington kuona chuo kikuu cha viziwi kikifunguliwa. Katika chuo hicho, mwaka wa 1954, Andrew Foster alipata shahada, Mmarekani mweusi kiziwi, ambaye mwaka wa 1957 alifungua shule ya viziwi huko Accra, Ghana, na nyingine nyingi za Afrika baada yake.

Clerc alifariki Hartford tarehe 18 Julai 1869. Viziwi hupeana majina ya ishara, na jina alilopewa shuleni Paris lilitokana na kovu lake. Hata leo viziwi wa Marekani wakitaka kumtaja, hupitisha vidole viwili juu ya shavu.